Tangi ni la Ford, nyumba ni ya Elkhart: hesabu ya mafuta katika biashara ya magari-nyumba

Juni 2022, bei ya wastani ya petroli nchini Marekani ilipovuka dola 5 kwa galoni, wenye magari-nyumba makubwa walikumbana na kero ambayo madereva wa magari madogo hawakuijua. Pampu ilikuwa ikijizima kabla tangi halijajaa. Mteja anapochomeka kadi ya benki kwenye pampu, mtandao wa malipo huweka ukomo wa fedha zinazoweza kukatwa kwa mara moja. Visa na Mastercard walikuwa wamekwishaupandisha mwaka huohuo kutoka dola 125 hadi 175. Tangi la galoni 80, yaani lita 303, lilihitaji dola 400 hivi. Dereva akachomeka kadi, pampu ikazima. Akachomeka tena, ikazima. Na mara ya tatu, huku walio nyuma yake wakipiga honi.

Galoni hizo 80 hakuzichagua yeye. Hata kampuni ambayo jina lake limechorwa ubavuni mwa gari haikuzichagua. Sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani hujengwa katika mji wa Elkhart, Indiana, na vitongoji vyake, na soko limeshikwa na makampuni matatu: Thor Industries, Forest River iliyo mali ya Berkshire Hathaway, na Winnebago iliyoanzia Iowa. Watu hawa ni mafundi wa nyumba. Wanajua mbao, mabomba ya maji, majiko ya gesi na vitanda vya kukunja. Injini, chesisi, magurudumu na tangi la mafuta hununua kwa wengine: Ford, Freightliner, Mercedes-Benz, Ram. Tangi huja limeshafungwa, na nyumba hujengwa juu yake.

Matokeo yake, swali la gari litakwenda kilometa ngapi kabla ya kurudi sheli halina mwenyewe. Muuzaji kwenye yadi atakuonyesha sofa, friji, bafu na televisheni inayoibuka kutoka kabatini. Ukimuuliza ulaji wa mafuta atakuambia inategemea, na kusema kweli hana kosa, maana sheria haimlazimishi kujibu. Kibandiko cha serikali kinachoonyesha ulaji wa mafuta, kile kinachobandikwa kwenye dirisha la gari jipya, hakihitajiki kwa magari ya aina hii ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unazidi pauni 8,500, yaani kilo 3,856. Magari-nyumba mengi yameupita mstari huo zamani. Mtu hununua gari la dola laki na zaidi, akaujua ulaji wake akiwa tayari njiani.

Basi tufanye wenyewe hesabu hiyo kwa namba ambazo madereva huzungumza. Wamarekani hugawa magari haya kwa herufi. Daraja A ni yale mapana yanayofanana na basi. Yale ya petroli mengi hukaa juu ya chesisi ya Ford F-53, ile yenye tangi la lita 303. Kwa maili 8 kwa galoni, ambazo ni kilometa 3.4 kwa lita, unapata takriban kilometa 1,000. Daraja C lina kichwa cha lori dogo na kitanda juu ya dereva. Chesisi yake ya kawaida ni Ford E-450 yenye tangi la galoni 55, au lita 208, na kwa maili 9 kwa galoni itakufikisha kilometa 790 hivi. Vani za Daraja B zina matangi madogo, yasiyofika lita 100, lakini hula kidogo, kwa hiyo nazo hufika kilometa 550 hadi 650. Mabasi ya dizeli yenye injini nyuma hubeba galoni 100 na kuendelea, na hayo ndiyo wafalme wa masafa: zaidi ya kilometa 1,200 bila kugusa pampu.

Hizo ni namba za karatasini. Jenereta nayo huvuta wese kutoka tangi hilohilo. Ndiyo inayoendesha kiyoyozi na maikrowevu mahali pasipo umeme, na kwa kawaida hunywa karibu nusu galoni kwa saa, takriban lita 2. Ukilala kwa muda wa saa nane kiyoyozi kikiwaka katika eneo la maegesho la duka fulani, lita 16 zimekwenda, na katika Daraja C hizo ni kilometa 60 za barabara ulizozimaliza ukiwa usingizini. Wajenzi walilifikiria hilo, wakaweka bomba la jenereta juu kidogo ndani ya tangi. Mafuta yakifika robo, jenereta huzima yenyewe, ili asubuhi ubaki na cha kukufikisha kituoni. Ni wazo zuri, ila mgeni wa kukodi asiyeambiwa huamka saa nane za usiku akitokwa jasho, akidhani gari limeharibika. Kampuni nyingi za kukodisha hutoza maili na saa za jenereta kando ya kodi ya siku, na mafuta ni juu ya mteja. Hivyo jenereta humla mara mbili.

Je, tangi kubwa lina faida gani katika nchi yenye vituo vya mafuta kila baada ya dakika chache? Wenye magari haya hawaogopi sana kuishiwa. Wanachokilipia ni uhuru wa kuchagua pa kusimama. Gari la mita 10 lililofungiwa gari dogo nyuma haliwezi kurudi nyuma kirahisi, na likiingia kituo chembamba cha mjini huenda lisitoke bila kukwangua nguzo. Wenye dizeli hujipanga na malori kwenye njia pana. Wenye petroli hugombania pampu za magari madogo. Akiba ya kilometa 300 hukuwezesha kukipita kituo kibaya ukasubiri kizuri. Hukuwezesha pia kujaza kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo. Kodi ya mafuta hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na msafiri anayeingia California kutoka Arizona bila kujaza tangi hujuta kwenye pampu ya kwanza.

Panapobaki suala la kufika au kutofika ni pachache. Pa kutajwa kwanza ni barabara ya Dalton huko Alaska, ambako kati ya Coldfoot na Deadhorse kuna maili 240, sawa na kilometa 386, bila kituo cha mafuta hata kimoja. Tangi lolote kati ya niliyoyataja linatosha kwa safari hiyo, lakini ukienda na jenereta ikinguruma, upepo wa mbele na changarawe, hesabu hubana.

Biashara yenyewe imekuwa ikipanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta tangu utotoni. Winnebago ilianza kujenga magari-nyumba mwaka 1966. Miaka saba baadaye, vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vya mwaka 1973 vikawakuta wateja wakipanga foleni vituoni. Mwaka 2009, baada ya bei kuruka na mikopo kukauka, Fleetwood na Monaco Coach ziliomba ulinzi wa kufilisika mwezi mmoja, Machi. Kisha likaja janga la UVIKO-19, watu wakakimbia hoteli, na mwaka 2021 viwanda vikasafirisha zaidi ya magari na matela 600,000 ya kuishi, rekodi ya sekta. Miaka miwili baadaye idadi ilikuwa takriban 313,000. Wengi husema mafuta ndiyo yanayoua biashara hii. Nionavyo, riba ya mkopo huuma zaidi: anayelipa dola 400 kujaza tangi anaweza kusafiri mara chache, lakini hawezi kulipa benki mara chache.

Ulaya hadithi ni nyingine, na adui ni kilo. Leseni ya kawaida ya udereva, ile ya daraja B, inaishia kwenye gari la kilo 3,500. Ndani ya uzito huo lazima viingie chesisi, nyumba, watu, maji, baiskeli na mafuta. Fiat Ducato, vani inayobeba sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Ulaya, hupatikana na tangi la lita 90, lakini yapo magari-nyumba mengi yaliyotoka kiwandani na la lita 60. Sababu imo katika kanuni za upimaji: uzito wa gari lililo tayari kwa safari huhesabiwa likiwa na dereva wa kilo 75 na tangi lililojaa asilimia 90. Punguza tangi kwa lita 30, na karibu kilo 23 za dizeli zinatoweka kwenye cheti. Kwa kilo hizo mtengenezaji anaweza kutangaza kitanda cha ziada. Maji nayo huchezewa vivyo hivyo: valvu ya tangi la maji huwekwa kwenye alama ya safari, lita 20 hivi, badala ya 100 za kipeperushi. Mnunuzi akifika nyumbani hufungulia valvu, hujaza kila kitu, hupakia familia, na tayari amevunja sheria kabla ya kutoka mtaani kwake.

Kwa lita 60 na kilometa 9 au 10 kwa lita, gari la Ulaya huenda kilometa 550 hivi. Barani humo hilo si tatizo. Ni fedheha ndogo tu kwa mtu aliyelipa euro 80,000.

Umeme umekuja kuzidisha hesabu hii ya uzito. Vani ya majaribio ya Winnebago iitwayo eRV2, iliyojengwa juu ya Ford E-Transit, ilitangazwa kwenda maili 108 tu kwa chaji moja, yaani kilometa 174. Hapo hata Nairobi hadi Nyeri na kurudi haifiki. Thor, iliyoinunua Erwin Hymer Group ya Ujerumani mwaka 2019, imechagua njia ya kati: mwaka 2024 ilionyesha gari la Daraja A linaloendeshwa kwa umeme lakini lenye injini ya petroli ya kuzalisha chaji njiani, na ikakadiria maili 500. Ndiyo kusema tangi limerudi kwa mlango wa nyuma.

Huku kwetu magari-nyumba ya mtindo wa Elkhart ni adimu. Tulichonacho ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye hema juu ya paa, jiko na friji nyuma, zinazokodishwa Arusha, Nairobi na Kampala kwa wageni wanaotaka kujiendesha. Ukitazama vizuri, mgawanyo wa kazi ni uleule. Toyota huleta chesisi na injini; karakana za Arusha, Hanspaul ikiwa mojawapo ya zinazojulikana, hukata, hurefusha na kujenga bodi. Tofauti ni kwamba fundi wa Arusha analigusa tangi. Anajua gari linakokwenda.

Pikapu ya Land Cruiser 79 huja na tangi la lita 130, na ile ndefu ya 78 kwa baadhi ya masoko huja na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Kwa injini ya kizamani ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, gari lililopakiwa hupata kilometa 7 hivi kwa lita kwenye lami. Kwa lita 130 hizo ni kilometa 900. Sasa ingia hifadhini. Lami inaishia lango la Lodoare, Ngorongoro. Baada ya hapo ni vumbi na makorongo, gia ya kwanza na ya pili, kusimama kwa chui nusu saa injini ikiwa imewashwa. Kilometa 7 zinakuwa 5, na 900 zinakuwa 650. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, pekee ni zaidi ya kilometa 300, kabla hujaanza kuzunguka kutafuta wanyama, na bado hujarudi.

Ndiyo maana dereva mzoefu hujaza tangi fulu Karatu, mji ulio kabla ya lango hilo, hata geji ikisoma robo tatu. Seronera mafuta yapo, lakini kuyategemea ni kucheza bahati nasibu ya foleni. Na bei inaingia hapa pia. Bei kikomo inayotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi hupanda kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kenya nako mdhibiti mwenzake, EPRA, hutangaza zake kila tarehe 14 kwa mtindo huohuo wa mji kwa mji. Mwenye lita 180 hununua kwa bei ya Arusha na kuzitumia porini. Mwenye tangi dogo hufunga madumu juu ya paa, uzito ukapanda juu ya hema na gari likayumba kwenye kona, au hununua mafuta ya chupa kijijini ambayo hakuna ajuaye yamechanganywa na nini. 1HZ huyavumilia. Injini mpya za dizeli zenye nozeli za umeme haziyavumilii, na bili ya nozeli inaweza kumaliza faida ya msimu mzima.

Kampuni zinazokodisha magari haya zina jambo moja la kufanya kabla ya msimu wa Juni, na halina gharama. Ziandike kwenye mkataba lita za tangi, kilometa kwa lita gari likiwa limepakiwa, za lami na za hifadhini kila moja kwa namba yake, na kama tangi la pili linafanya kazi. Na mteja asiyeziona namba hizo asitie saini mpaka aandikiwe.