HATA RUBANI HUFUNDISHWA UPYA



Wengi wetu tumeiona ndege ya RwandAir aina ya Dash 8-400 ikitua hapa Kamembe. Ina injini mbili, marubani wawili, nafasi za abiria zaidi ya 60, na ikijaa uzito wake hukaribia tani 29.

Sasa jiulize. Rubani wa ndege kama hiyo, siku yake ya mapumziko, anataka kurusha Cessna 172 ya watu wanne kwa kujifurahisha, kama wanavyofanya watu wa Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927, katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Je, anahitaji mwalimu? Wengi watasema: aliyebeba gunia atashindwaje na kikapu? Jibu hilo ni kosa, na kosa hilo huua.

Kwanza, macho. Katika ndege kubwa rubani huketi juu sana kutoka ardhini. Akitua kwa mazoea hayo, huinua pua ya ndege ndogo mapema mno. Mwendo humwishia angali hewani, na ndege huanguka kwa kishindo.

Pili, injini. Ndege hiyo ndogo inayo moja tu. Wilson na Kamembe zote ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini ya namna hiyo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Ndege hupanda polepole. Injini ikizimika hakuna ya pili, kwa hiyo rubani lazima awe ameshachagua mahali pa kutua.

Tatu, wenzake. Kazini ana rubani msaidizi na mafundi. Hapa yuko peke yake: apime mafuta mwenyewe, akague kama maji yameingia tangini, aamue kama mawingu yanamruhusu kuruka.

Ndiyo maana sheria za nchi nyingi humkataza kubeba abiria kama katika siku 90 zilizopita hajaruka na kutua mara 3 kwa ndege ya namna hiyo. Maelfu ya saa za ndege kubwa hayamsaidii hapo. Rubani mwenye busara huketi na mwalimu, hata akiwa kijana kuliko yeye, akarudia kutua na kujizoeza kuzimikiwa injini.

Ndugu, mazoea yana taabu. Nasi viwandani mtu huhamishwa kutoka mashine ya kukausha chai kwenda ya kusaga majani, akaambiwa, "Wewe ni fundi wa zamani, utajua tu." Vidole hukatika hivyo. Kudai kuonyeshwa kwanza, ndani ya saa za kazi na kwa malipo, si woga wala uvivu. Viongozi wa matawi, lisimamieni jambo hili kabla mtu hajaumia.