Je, Wajua? Barua Pepe Yako Hulala Wapi?

Je, wajua kuwa Eudora, programu ya barua pepe iliyotengenezwa na Steve Dorner mwaka 1988, ilipewa jina la mwandishi wa Marekani, Eudora Welty, kwa sababu ya hadithi yake kuhusu mwanamke aliyehamia kuishi posta? Programu za namna hiyo huvuta barua hadi kwenye kompyuta yako, ukaweza kuzisoma hata mtandao ukikatika.

Tarehe 4 Julai 1996 ilizinduliwa Hotmail, miongoni mwa huduma za kwanza za bure za kusomea barua kwenye kivinjari, popote penye intaneti. Huko barua hubaki kwenye seva ya kampuni. Basi ukitumia kompyuta ya watu, usiinuke kabla ya kutoka kwenye akaunti yako.