Umeme Ukirudi, Ni Saa Ngapi?

Soketi ya ukutani siku hizi ina wachumba wawili. Wa kwanza ni taima, kidude cha plastiki chenye kisahani kilichozungukwa na meno 96, kila jino likisimamia dakika 15 za siku. Unabonyeza meno ya saa unazotaka taa iwake, unachomeka, umemaliza. Wa pili ni plagi janja. Haina kisahani wala meno. Ina waifai ndani, nawe unaipa amri kwa simu, uwe sebuleni Makambako au ndani ya basi linalopita Mikumi. Anayeuliza dukani ipi ni bora hutajiwa bei, kisha husimuliwa ujanja wa hii ya pili. Swali ambalo ningependa aulize ni jingine: kifaa hiki kinajuaje kuwa sasa ni saa ngapi? Mahali ambapo umeme haukatiki, hilo ni swali la wadadisi tu. Njombe ndilo swali lenyewe.

Taima ya kisahani haina saa ya kwake. Ina mota ndogo inayokwenda kwa mwendo wa umeme. Umeme wa gridi yetu hugeuka huku na huko mizunguko 50 kila sekunde, na mota hufuata mizunguko hiyo hatua kwa hatua. Gia zinaipunguza kasi hadi kisahani kizunguke mara moja tu kwa saa 24. Kwa hiyo wanaoshika saa ya taima yako ni mitambo ya Kidatu, Kihansi na Rufiji, inayozunguka kwa pamoja mbali na kwako. Wazo hili lina zaidi ya miaka 100. Henry Warren, Mmarekani aliyetengeneza saa za umeme, aligundua kwamba saa zake zilikuwa zikikosea kwa sababu jenereta za kituo cha umeme cha Boston hazikuwa na mwendo wa kutegemewa. Mwaka 1916 akawapelekea wenye kituo hicho saa maalumu ya kuzisimamia jenereta hizo. Tangu hapo makampuni ya umeme yakawa pia watunza saa wa nyumba za watu.

Mtunza saa naye huweza kuzembea. Mwanzoni mwa 2018, mvutano kati ya Serbia na Kosovo juu ya nani afidie umeme uliopungua uliishusha gridi ya bara la Ulaya hadi wastani wa mizunguko 49.996 kwa sekunde. Balbu haiwezi kuhisi pengo dogo namna hiyo. Lakini kuanzia katikati ya Januari hadi mapema Machi, saa za majiko na redio katika nchi 25 zilichelewa karibu dakika sita, na habari ikaandikwa magazetini dunia nzima.

Dakika sita! Njombe ni nchi ya mipaina, milingoti na miwati, na mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi. Mti ukilalia waya, mtaa mzima uko gizani, na mota ya taima imesimama pale pale ilipokuwa. Umeme ukirudi, kisahani kinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukikatika kwa saa mbili Jumatatu, taima imechelewa saa mbili. Ukikatika kwa saa tatu Alhamisi, imechelewa saa tano, maana kuchelewa huko hujumlishwa na hakuna wa kukufuta ila mkono wako. Taa ya nje uliyoipanga iwake saa moja usiku na kuzimika saa kumi na mbili asubuhi sasa inawaka saa sita usiku na kuzimika saa tano ya mchana. Jirani atadhani umesafiri.

Hapa ndipo anapoingia ndugu wa tatu ambaye wauzaji wengi humsahau: taima ya dijiti, yenye kioo na vitufe. Hii ina saa yake kamili, inayoendeshwa na kipande cha kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na mtikisiko mmoja kwa sekunde, jambo ambalo sakiti ndogo huliweza bila shida. Ndani mna betri ndogo ya kuchaji, na umeme ukikatika saa huendelea kwa betri. Udhaifu wake ni betri hiyo hiyo. Ikizeeka, siku moja umeme utarudi na kioo kitaonyesha sifuri tupu, na mipango yako yote imefutika. Hata hivyo kwa umeme wetu ulivyo, hiyo ndiyo ningeinunua kwanza.

Plagi janja nayo huuliza saa mtandaoni. Inaamka umeme unaporudi ikiwa haijui ni saa ngapi, inatafuta waifai, kisha inauliza seva ya saa kwa utaratibu uliotungwa na Mmarekani David Mills mwaka 1985, ule ule unaosawazisha saa za kompyuta duniani kote. Ikijibiwa, iko sahihi kuliko taima yoyote. Tatizo liko katika lile neno “ikijibiwa”. Nyumba nyingi za Makambako na Njombe hazina ruta iliyofungwa ukutani; waifai yao ni hotspoti ya simu ya mwenye nyumba. Simu ikienda shambani Uwemba au sokoni, waifai imeondoka nayo. Plagi nyingi hushika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo hata simu ikiwa kitandani, hotspoti ikiwekwa kwenye gigahezi 5 plagi haiioni. Na bando likiisha je? Zile zinazohifadhi ratiba ndani yake zitaendelea na kazi mradi umeme haujakatika. Ukikatika, zinabaki na ratiba bila saa. Mwenye ruta, na hasa aliyeiwekea betri ya akiba, hana shida hizi. Asiye na ruta amenunua swichi ya kawaida kwa bei ya ujanja.

Wenye kuzisifu watasema: lakini plagi janja hufuata jua! Ni kweli, programu zake huweza kuwasha taa jua linapozama kila siku, popote ulipo duniani. London sifa hiyo ina maana kubwa, kwa sababu Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku na Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Njombe iko nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi, mwishoni mwa Mei, na saa moja na dakika chache mwezi Februari. Tofauti ya mwaka mzima ni kama dakika 40. Ukiipanga taima iwashe taa saa kumi na mbili na nusu, imetosha, na kwa ajili ya jua hutaigusa tena hadi mwakani. (Kisahani kimeandikwa kwa saa za kizungu, kwa hiyo hapo utabonyeza meno kuanzia 18:30.)

Tuje kwenye Luku, maana wengi hununua vifaa hivi wakitumaini kuokoa uniti. Uingereza tangu 1978 kuna mpango uitwao Economy 7, unaouza umeme wa saa saba za usiku kwa bei ya chini. Huko taima inaingiza fedha kwa kuhamishia kazi usiku. Kwetu uniti ya nyumbani ya saa nane usiku inagharimu sawasawa na ya saa moja jioni. Kuhamisha hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kupunguza, na kupunguza kunategemea kitu ulichokichomeka. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Chukua balbu ya LED ya wati 9 ambayo watu husahau kuizima mchana. Taima ikiizima kwa saa 12 kila siku, umeokoa uniti 3.24 kwa mwezi. Ila taima na plagi janja nazo hula umeme mchana na usiku, kila moja kwa kadiri yake. Chukulia wati moja: hiyo ni uniti 0.72 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 250. Umebakiwa na uniti 2.5, chini ya shilingi 900. Kwa LED moja, taima itachukua muda mrefu kurudisha bei yake, na anayeitaka aitake kwa usalama wa nyumba au kwa kuondoa kero.

Hesabu hubadilika ukifika kwenye joto. Usiku wa Julai Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na hapo hita ya chumba ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Mteja wa kundi la D1, mwenye bei ya unafuu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, anatakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi, yaani uniti 2.5 kwa siku. Hita hiyo peke yake inazimaliza kwa saa moja na robo. Hapa ndipo plagi janja yenye kipimo cha umeme inapostahili bei yake, na kwa kazi hii haihitaji ratiba wala jua. Ichomeke kwenye friji wiki moja, kisha kwenye pasi, kisha kwenye birika la umeme, usome kila kimoja kinakula nini. Luku hukuonyesha jumla tu. Kipimo cha plagi kinamtaja mlaji kwa jina, na nyingi zinaonyesha hata volti, kwa hiyo utaona jioni, mtaa mzima unapopika, zinavyoshuka.

Boila ya maji ya kuoga ni mfano mzuri zaidi wa taima. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji uniti 2.3 hivi, na boila ya wati 1,500 hufanya hivyo kwa saa moja na nusu. Ikiachwa inawaka siku nzima, inarudisha joto linalovuja kwenda kwenye baridi ya chumba, na joto huvuja kwa kasi zaidi kadiri tofauti ya nyuzi ilivyo kubwa. Njombe huvuja zaidi kuliko Dar es Salaam. Gesti ya Makambako yenye wageni wanaowahi basi la alfajiri inaweza kuwasha saa tisa usiku na kuzima saa kumi na mbili. Lakini boila kwa kawaida huwa na waya na swichi yake, na hapo fundi hufunga taima ndani ya boksi la swichi badala ya hizi za kuchomeka.

Plagi yetu ya miguu mitatu inaishia ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa volti 230. Plagi janja nyingi zimeandikwa ampea 10, wati 2,300, na bora ziheshimiwe hivyo. Pampu na friji zina balaa la pili: mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na cheche zinazoruka hapo huweza kugandisha vyuma vya swichi ya ndani. Simu itakuambia imezimwa, kumbe inawaka. Friji isiwekwe kwenye taima hata kidogo. Themostati yake inatosha, na kinachoifaa ni gadi inayosubiri dakika chache umeme unaporudi. Hita ya kuchovya kwenye ndoo nayo isiwashwe kamwe na kitu kisichoona kama ndoo ina maji. Kwenye programu ya plagi janja tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, na kwa chochote cha moto chagua “izimwe”.

Kuna na suala la seva. Aprili 2022 kampuni ya Marekani ya Insteon ilizima seva zake bila kuwaaga wateja, na programu za kuendeshea nyumba zao zikanyamaza. Taima ya kisahani haina wa kuizima kutoka Marekani.

Kazi ambayo taima inaifanya vizuri kuliko zote huku kwetu iko nje ya nyumba, kwenye banda la kuku wa mayai. Kuku wa mayai hutaka mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na siku ya Njombe haifiki hata 13. Balbu ikiwashwa saa tisa na nusu usiku na kuzimwa saa moja asubuhi, jua likishika zamu hadi linapozama, kuku wanapata saa 15 hivi mwezi Juni na kama 15 na nusu Februari, kwa mpangilio mmoja usioguswa mwaka mzima. Mwanga huongezwa alfajiri badala ya usiku kwa sababu balbu inayozimika ghafla saa tatu usiku huwakuta kuku wakiwa sakafuni, hawajapanda vichanjani; jua linalozama polepole huwapa nafasi. Na kwenye banda hilo taima iwe ya dijiti, kwa kuwa ya kisahani ikichelewa saa tano itawasha balbu saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa tayari juu, na siku ya kuku itakuwa imefupishwa ghafla kwa saa tatu. Kuku huweza kupunguza kutaga kwa hilo.