Saida ya Bariadi: upande mitufaha, ununue matufaha, au ulime choya?

Anayefikiria kupanda mitufaha Bariadi ili akamue saida yake mwenyewe, yaani kileo cha matufaha, huanza kwa kuliogopa jua. Jua si kikwazo kikubwa. Huko Phoenix, Arizona, joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na bado wapo watu wanaochuma matufaha nyuani mwao mwezi Juni, kabla joto halijafika kileleni. Kinachokosekana Simiyu ni baridi. Mtufaha hulala, na macho ya matawi yake hayaamki sawasawa mpaka yapitiwe na saa nyingi za ubaridi wa chini ya nyuzi 7. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa 800 hadi 1,000. Jangwa la Arizona huzipata saa kadhaa za namna hiyo usiku wa Desemba na Januari. Bariadi, nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, haizipati. Mti uliokosa usingizi huo hubaki na majani mwaka mzima, huchanua tawi hili leo na lile baada ya miezi, na matunda yake huwa machache. Fedha yako inaanza kupotea hapo, kabla hata hujafika kwenye maji.

Zipo aina zinazohitaji baridi kidogo, na ndizo pekee za kuzungumzia hapa. Anna ilizalishwa Israeli, katika kibbutz ya Ein Shemer. Dorsett Golden ilitoka Nassau, visiwa vya Bahamas. Zote hutosheka na saa 300 au chini ya hapo. Lakini Anna huzaa vizuri ikichavushwa na aina nyingine, kwa hiyo mche mmoja ni nusu ya manunuzi: panda zote mbili. Hata saa hizo chache Bariadi haina, hivyo mkulima lazima aulazimishe mti kupumzika. Batu, huko Java Mashariki, wakulima hufanya hivyo kwa mikono: baada ya mavuno hukwanyua majani yote, mti ukachanua upya, wakavuna mara mbili kwa mwaka. Inawezekana, ila ni kazi ya kila mti, tawi kwa tawi, na Batu ni milimani penye mvua nyingi kuliko kwetu.

Sasa maji. Mtufaha mchanga wakati wa kiangazi uhesabie walau lita 40 kwa wiki. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kama wiki 22, yaani lita 880, madumu 44 ya lita 20. Tuseme dumu moja unalinunua shilingi 300: mti mmoja umekunywa 13,200. Miti minne kwa mwaka ni 52,800, na kwa miaka mitatu ya kungoja tunda la maana ni 158,400. Hapo hujanunua miche, samadi wala uzio. Uzio si anasa Usukumani. Mbuzi wakiingia siku moja, miaka miwili imeliwa. Minyaa itasaidia, na mchwa nao wanataka kuangaliwa kila wiki. Udongo wa mbuga hutuamisha maji masika na kuozesha mizizi. Luseni, ule udongo wa kichanga, hupitisha maji vizuri lakini hukauka upesi, kwa hiyo weka matandazo mengi. Shina lipake chokaa lisiungue. Mwenye kisima chake afute sehemu kubwa ya hesabu hii, na kwake jibu linaweza kuwa tofauti.

Ukimkuta muuza miche Nane Nane pale Nyakabindi, muulize mambo mawili: jina la aina iliyobebeshwa, na jina la shina ambalo imebebeshewa. Shina la MM.111 huvumilia ukame kuliko mashina mengi mafupi. Asiyejua kujibu usimpe hela. Na anayekushawishi kwa matufaha ya Wambugu kutoka Kenya, kumbuka kwamba yalianzia Nyeri, nyanda za baridi. Tena miche ya kuvuka mpaka inahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Njia ya pili ni kununua matunda na kukamua. Lita 1 ya juisi hutaka kilo 1.5 hadi 2. Kwa lita 20, chukua kilo 36. Tufaha la gramu 150 tuseme ni shilingi 500: unahitaji 240, yaani shilingi 120,000. Lita 20 hujaza chupa 60 za mililita 330, kila moja shilingi 2,000 kabla ya hamira na chupa zenyewe. Ni ghali, ila unaonja saida yako ndani ya miezi miwili badala ya miaka mitatu, na ukiharibu umepoteza pipa moja tu. Matufaha ya Njombe au Lushoto yakiwa msimu, uliza bei ya jumla. Ununuzi wa tunda moja moja ndio unaoumiza. Matufaha ya mezani ni matamu lakini hayana ukakasi unaoipa saida uti wake. Kikombe cha chai ya rangi nzito huongeza ukakasi, na ukwaju kidogo huleta uchachu. Ukwaju Simiyu haukosekani, na kwa ladha hii mimi naupenda kuliko ndimu.

Choya ndiyo inayonivutia zaidi. Huota kwa mvua zetu, huvunwa baada ya miezi mitano hivi, na divai ya choya tayari inatengenezwa na wajasiriamali nchini. Haina sukari ya kutosha, hivyo utaiongeza: gramu 17 kwa lita huleta kileo cha asilimia 1, kwa hiyo lita 20 za asilimia 6 ni kilo 2 za sukari. Tuseme sukari shilingi 6,000, choya kavu nusu kilo na hamira shilingi 10,000: jumla 16,000, chini ya shilingi 300 kwa chupa. Rangi nyekundu, uchachu mzuri, kinywaji chepesi. Harufu ya tufaha haipo.

Kama unachotaka ni chupa moja ya Jumamosi, Savanna, saida ya Afrika Kusini, inatosha. Usichimbe shimo lolote.

Ukipanga kuuza, hesabu upya: leseni, alama ya TBS na ushuru wa bidhaa wa TRA huhusu choya sawasawa na tufaha.

Hukumu yangu: panda Anna mmoja na Dorsett Golden mmoja karibu na mahali maji ya kuogea yanapomwagika, uwe na subira nayo, lakini usiweke mtaji hapo. Mtaji wa mwaka huu uweke kwenye robo ekari ya choya, mvua za kwanza zikianza.