Rangi ya Udongo Nyumbani Mwetu

Akina mama wapendwa, mitindo haina mwisho. Huko Marekani iko kampuni iitwayo Pantone, ambayo hutangaza rangi ya mwaka, na wenye viwanda vya nguo na vyombo huifuata. Mwaka 2015 walichagua Marsala, jina la divai ya Sicily. Sisi tungeiita damu ya mzee. Mwaka 2025 wakachagua Mocha Mousse, ambayo ni kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa. Kumbe rangi hizi ndizo za udongo tunaoukanyaga kila siku!

Basi, kabla hujakopa dukani, tazama kwanza ulicho nacho. Wekundu wa udongo watoka katika kutu ya chuma iliyomo ndani yake, nao haupauki kwa jua upesi kama rangi nyingi za vitambaa.

Chimba udongo mwekundu, uuponde, uuchekeche, kisha uuchanganye na mchanga laini na maji. Jaribu kwanza mahali padogo ukutani. Ukikauka ukapasuka, ongeza mchanga, ukipukutika, punguza. Lowesha ukuta kidogo kabla ya kukandika, ili udongo upate kushika.

Lakini angalia: rangi nzito hutia giza chumbani. Kwa hiyo ipake chini tu, mpaka usawa wa kiuno. Ndipo mikono ya watoto inapogusa, na kwa nje ndipo matope ya mvua yanaporukia. Juu paka udongo mweupe au chokaa, upate mwanga. Chokaa huunguza macho, basi watoto wakae mbali wakati wa kazi.

Katika mavazi pia rangi hii yafaa. Kitenge cha kahawia hakionyeshi vumbi la njiani upesi. Kichwani jifunge kitambaa cheupe au cha manjano, utapendeza. Mara za kwanza kifue peke yake, maana chaweza kuchuja, na ukianike kivulini.

Nanyi akina baba, msikae mkitazama tu. Kuchimba na kubeba udongo ni kazi ya mikono yenye nguvu.

Nguo ya mkopo huchakaa, mtindo hupita, na deni hubaki. Siku mtoto atakapohitaji dawa au daftari, rangi ya mwaka haitamsaidia. Wazee walisema kweli: Usiache mbachao kwa msala upitao.