Injini Inapokosa Sailensi

Gari likiwa limesimama na dereva hajakanyaga mafuta, injini iliyokwisha kupata moto huzunguka mara 600 hadi 800 hivi kwa dakika. Mzunguko huo mafundi huuita sailensi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mshale wa mzunguko huo hupanda hadi 1,200 au zaidi kisha ukashuka wenyewe. Huo si ubovu.

Ubovu wa sailensi huonekana upesi kwenye foleni, kama zile za Barabara ya Ggaba jijini Kampala, kuanzia Kabalagala, Kansanga na Bunga hadi karibu na ziwa. Wakati dalili inapojitokeza ndio unaoelekeza kwenye chanzo.

Mshale ukipanda na kushuka bila mafuta kukanyagwa, mara nyingi kuna bomba la mpira lililopasuka linaloingiza hewa isiyopimwa. Pengine husikika mluzi chini ya boneti. Gari likichanganya mwendo injini hutulia, kwa kuwa hewa hiyo ni kidogo mbele ya ile inayovutwa wakati huo. Magari mengi ya Uganda huagizwa yakiwa yametumika. Sheria ya 2018 ilikataza yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, hivyo la miaka 13 liliweza kuingia kihalali, pengine na mipira yake ya kiwandani iliyokwisha kukakamaa.

Injini ikitaka kuzima kila AC inapowashwa au usukani unapokatwa, hushukiwa throto, yaani mlango wa hewa ya injini, iliyojaa masizi. Baada ya kusafishwa, au betri kufunguliwa, sailensi huweza kuyumba mpaka kompyuta ya gari ijipange upya.

Mtikisiko wa kudunda kwa vipindi, yaani injini kumisi, hutokana zaidi na plagi au koili. Taa ya injini ikimwekamweka, gari lisimamishwe: petroli isiyoungua huunguza kichujio cha moshi ndani ya ekzosi. Moshi mweusi ni wa mafuta kuzidi. Wa buluu ni wa oili kuungua.

Mshale ukitulia tuli huku usukani na viti vikitetemeka gia ikiwa kwenye D, zikaguliwe kwanza mauntini za injini. Kununua plagi mpya hapo ni kutupa fedha.

Kupandisha sailensi ili gari lisizime hakutibu chochote: petroli huisha haraka, gari la otomatiki huvuta mbele kwenye foleni, na breki hulika bure.