NANI ALIMUFUNDISHA MUTOTO KUNYWA?



Siku moja ya Yenga, mbele ya ibada, wazee wa kanisa waliniletea kijana wa miaka 17. Alikuwa anapiga ngoma katika kwaya yetu. Kinywa chake kilikuwa kinanuka lutuku. Tulifanya vile tulivyozoea: tulimukaripia, tukamuombea, tukamutosha katika kwaya kwa miezi mitatu. Hakuna hata mumoja wetu aliyemuuliza: «Mwana, unakunywa wapi?»

Kisha wiki chache, mama yake alikuja kupiga hodi kwangu usiku. «Pasta, fanya mbio. Mutoto anatetemeka, anasema anaona wadudu kwenye ukuta.» Walikuwa wamemufungia ndani ya chumba siku tatu kusudi aache pombe. Tulimukimbiza hospitali. Munganga akauliza: «Anakunywa tangu lini?» Mama akatazama chini, akajibu pole pole: «Tangu miaka 12. Ni yeye alikuwa ananionjea.»

Mama yule anapika lutuku ndani ya lupango lake, kule Katuba. Baba hana mushahara. Kwa feza ya lutuku analipa minervali ya watoto watano. Wakati matone ya kwanza yanatoka kwenye muferezi, mutoto mukubwa ndiye alikuwa anaonja kama imekuwa kali. Na mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu fungu la kumi la mama yule lilikuwa linaingia kanisani kila mwezi, na sisi hatukuuliza linatoka wapi.

LUTUKU NA SHIDA YA NYUMBA

Lutuku si kitu cha jana. Mwaka wa 1919 serikali za Ulaya zilipatana kule Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, kukataza kutengeneza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini sheria haikuzima moto. Mahindi, muhogo, chachu, pipa na muferezi, ni vitu vinavyopatikana kila kartie.

Katika miaka ya 1990, mishahara ya Gécamines ilikuwa inachelewa miezi na miezi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliacha kazi kwa kupewa feza ya mara moja tu. Katika nyumba nyingi mama ndiye alibeba muzigo wote. Wengine waliuza mukaa, wengine unga, wengine lutuku. Siandike haya juu ya kuwatukana mama zetu. Naandika kwa sababu moto wa pipa ukiwaka ndani ya lupango, wa kwanza kuchomwa ni mutoto anayelala pale.

Na wewe baba unayekunywa bia ya chupa, usicheke. Ni nani unayemutuma dukani jioni? Ni nani anayefungua chupa na kulamba povu? Hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi ambacho watoto wanakunywa mchana, ukiiacha siku kadhaa inageuka kuwa pombe. Mutoto hajui siku gani imegeuka. Muzazi ndiye anapashwa kujua.

POMBE INAFANYA NINI KATIKA MWILI WA KIJANA?

Ubongo. Ubongo wa mutu unaendelea kujijenga mpaka karibu miaka 25. Sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kufikiri mbele ya kutenda. Kijana akiimwangia pombe kila siku, anabomoa nyumba mbele paa haijawekwa. Ndiyo maana anasahau masomo, anakasirika bure, anaanguka mutihani.

Utumwa. Uchunguzi mumoja wa Marekani uliotangazwa mwaka wa 1998 ulionyesha hivi: katika watu 100 walioanza kunywa mbele ya miaka 15, zaidi ya 40 walikuja kuwa watumwa wa pombe. Katika 100 walioanza na miaka 21, ni karibu 10 tu. Basi kuchelewesha kikombe cha kwanza ni kazi kubwa.

Sukari ya damu. Kijana anayekunywa tumbo likiwa wazi, sukari katika damu yake inaweza kushuka sana. Watu wanasema «amelala, muache». Kumbe anakufa.

Maini, tumbo na kansa. Maini ndiyo yanasafisha pombe. Yakichoka, yanajaa mafuta, kisha yanakauka. Tumbo linavimba maji, macho yanakuwa ya manjano. Pombe inaleta pia kansa ya kinywa, ya koo, ya maini, na ya maziwa kwa wanawake. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitangaza kwamba hakuna kipimo cha pombe kisichokuwa na hatari.

Sumu. Bia ya chupa iko na karibu sehemu 5 za pombe katika 100. Whisky iko na karibu 40. Lutuku, nani anaipima? Kuko na wauzaji wanaoongeza vitu vya viwanda kusudi ichome zaidi. Kati ya vitu hivyo kuko metanoli, pombe isiyokuwa ya kunywa. Inaua macho, kisha inaua mutu. Mwaka wa 2000, kule Nairobi, katika inchi ya Kenya (si komini yetu ya Kenya), watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine walibaki vipofu.

ALAMA ZA KUANGALIA

Muzazi, fungua macho kama mutoto wako:
– anatafuna ginger ao pipi kila mara kusudi kufunika harufu;
– mikono inatetemeka asubuhi, na inatulia akiisha kunywa;
– feza na vyombo vinapotea nyumbani;
– amebadilisha marafiki, hapendi tena kula pamoja nanyi;
– ameahidi kuacha mara nyingi, na anarudia.

Alama moja peke yake haitoshi kumuhukumu. Zikiwa nyingi, kaa naye chini.

TUFANYE NINI?

1. Zungumuza naye akiwa hajalewa. Usimupige, usimufukuze. Mutoto aliyefukuzwa atalala pale wanapouza.

2. Usimufungie ndani. Hapa ndipo familia nyingi zinakosea, na sisi pia tulikosea. Mutu aliyezoea kunywa kila siku akiacha gafula, anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Ni ugonjwa wa kutunzwa na munganga. Kuko dawa za kupunguza hatari, na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

3. Ukimukuta amelewa, haamuki, anapumua kidogo kidogo, mulaze kwa ubavu kusudi asizibwe na matapishi. Usimumwangie maji baridi, usimupe kahawa, usimuache peke yake. Mupeleke hospitali mara moja.

4. Usimutume tena mutoto kununua pombe. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamulinda mutoto, na mutoto ni kila mutu asiyetimiza miaka 18. Sheria hiyo ianze ndani ya lupango lako.

5. Ombeni pamoja naye, na mumupeleke kwa munganga. Maombi na dawa havigombani. Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga.

NA MAMA YULE?

Wazee wengine walitaka tumutenge. Niliwauliza: «Kesho watoto wake watakula nini?» Wakanyamaza. Basi wamama wa kanisa walimuingiza katika likelemba yao, wakamupa zamu ya kwanza. Leo anauza mikate asubuhi. Faida haifike ile ya lutuku, sitawadanganya. Lakini pipa limetoka katika lupango. Kanisa linalokataza lutuku bila kusaidia kutafuta njia ingine, linamuachia jirani muzigo na kumupa wimbo.

Kijana wetu alianguka tena mara mbili. Kila mara tulirudi hospitali pamoja naye. Siwezi kusema vita imekwisha. Lakini siku ya Yenga iliyopita alipiga ngoma tena, na mikono yake haikutetemeka.

KWA MAZUNGUMUZO YA FAMILIA

Someni pamoja Mezali sura ya 23, kuanzia mustari wa 29. Kisha muulizane:
– Katika nyumba yetu, nani anamutuma mutoto kununua pombe?
– Katika kartie yetu, ni mama gani anapika lutuku kwa kukosa njia ingine? Tunaweza kumusaidia namna gani?
– Ni kijana gani tulimufukuza, na hatujamufuata bado?

Bwana awape wazazi macho ya kuona mapema, na mikono ya kuinua aliyeanguka. Amina.